Modemu Niliyoichagua Mwenyewe

Nilikuwa opereta wa simu katika hoteli moja ya Diani. Mgeni akitaka kuzungumza na kwao Ulaya, mimi ndiye niliyemtafutia laini, nikabaki nasikiliza mpaka nijue imeshika. Kwa miaka sita nilizizoea laini zote za pwani ya kusini. Niliweza kusema mkwaruzo huu ni wa maji yaliyoingia kwenye waya, na mvumo ule ni wa nyaya mbili zinazogusana mahali. Nyumbani kazi hiyo haikuhesabiwa. Baba alikuwa akiwaambia wageni wake, "Huyu anashika simu hotelini," basi.

Nilikuwa nimerudi kuishi kwa wazazi wangu Msambweni baada ya kuachika. Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mmoja wa wachache mtaani waliokuwa na simu ndani ya nyumba. Mdogo wangu alikuwa India akisomea udaktari. Barua zake zilichukua majuma matatu kutufikia. Mama hakujua kusoma hati za Kizungu, kwa hiyo nilimsomea mimi, na kila nilipomaliza aliuliza, "Haya, hayo ni ya wakati ule. Na sasa hivi hajambo?"

Hoteli ilipobadilisha kompyuta zake, niliuziwa moja ya zile kuukuu. Mdogo wangu alikuwa ameandika kwamba chuoni kwao wanatumia barua pepe, na kwamba nikipata modemu, yaani chombo cha kuiunganisha kompyuta na laini ya simu, tutaandikiana na kujibiana siku hiyohiyo. Baba alishauri tumtafute mtu wa kutuchagulia.

"Vitu hivi vina wenyewe, mwanangu."

"Na mimi ni mmoja wao, Baba."

Alicheka, lakini hakunikataza.

Siku yangu ya mapumziko nilivuka kwa feri Likoni nikaenda kwenye duka la kompyuta mjini Mombasa. Mwuzaji, mwanamume wa makamo aliyefunga tai, aliniwekea boksi linalong'aa juu ya meza.

"Chukua hii, madamu. Ndiyo mpya. Hakuna yenye kasi kuishinda."

Ilikuwa kadi ya kuchomekwa ndani ya kompyuta. Nililigeuza boksi nikasoma maandishi madogo ya ubavuni. Yaliitaka kompyuta yenye nguvu kuliko yangu.

"Hii, kompyuta yangu haitaiweza," nilisema, nikamtajia aina yake.

"Labda uje na mzee wako, atueleze ni kompyuta ya aina gani."

"Kompyuta ni yangu, na aina yake nimeshakwambia."

Kwenye rafu ya nyuma niliona nyingine, ya kukaa nje juu ya meza, yenye safu ya taa ndogo usoni. Ilikuwa na vumbi. Nikamwomba aishushe.

"Hiyo ni ya zamani, madamu. Inakwenda polepole."

"Ina spika, niisikie inapopiga?"

"Inayo."

"Na kasi yake naweza kuipunguza?"

Hapo akacheka kwa sauti, akamwita mwenzake aliyekuwa chumba cha pili. "Njoo umsikie huyu! Watu wote wanataka kasi, yeye anataka kupunguza!"

Uso ulinichoma. Nusura nitoke. Lakini nilikumbuka mashine ya faksi ya hoteli, ilivyokuwa ikigoma siku laini inapokuwa mbaya, na jinsi fundi wa simu alivyonionyesha kuipunguza mwendo mpaka karatasi ikafika yote, bila mstari kupotea. Nikamweleza yule mwuzaji jambo hilo, taratibu, kama ninavyomweleza mgeni aliyekasirika.

"Waya wa simu unaofika kwetu Msambweni ni wa zamani na umeliwa na chumvi," nilimaliza. "Hiyo kasi uliyonayo kwenye boksi, waya wetu hauna."

Aliacha kucheka. Akaifuta vumbi ile modemu kwa kitambaa, na nilipomtaka aandike kwenye risiti kwamba naweza kuirudisha ndani ya wiki moja, aliandika.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, niliifunga sebuleni. Baba na Mama wakakaa kwenye viti nyuma yangu kama wanaohudhuria nikaha. Modemu ikapiga namba ya kampuni ya barua pepe ya Mombasa, ambako nilikuwa nimejiandikisha mapema na kumpelekea mdogo wangu anwani, ikalia, ikakoroma, kisha taa zikazimika. Nikajaribu tena. Mara ya tatu, vilevile.

"Si nilisema tumtafute mtu?" Baba alisema, kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma.

Nikauinua mkonga wa simu nikasikiliza. Kulikuwa na mlio kama wa mafuta yanayokaanga, nao ulikuwa karibu. Laini ikiwa mbovu mbali, sauti yake huja imefifia. Nikamwomba Mama aufuate waya ukutani akiutikisa kidogo kidogo. Alipofika dirishani, mlio ukapanda masikioni mwangu.

"Hapo, Mama! Usiuachie!"

Palikuwa na kiungo kilichofungwa zamani. Nilipokifungua, shaba ilikuwa imegeuka kijani. Nikaikwangua kwa kisu mpaka ikang'aa, nikaisokota upya na kuifunga kwa utepe wa fundi. Kisha nikaishusha kasi ya modemu ngazi moja, nikapiga.

Ililia, ikakoroma, ikanyamaza.

"Imekatika?" Baba akauliza.

Taa zilikuwa zimetulia. "Hapana, Baba. Imeshika."

Barua ya mdogo wangu ilikuwa inatungoja. Nikamsomea Mama: "Leo asubuhi nimejaribu kupika wali wa nazi, umeungua wote, nimekula ukoko."

Mama alisimama. "Leo? Leo hii?"

"Leo hii, Mama."

Alinifanya niisome mara tatu. Kisha akasema, "Mwandikie apunguze moto tui likichemka. Mwandikie sasa hivi, kabla hajapika cha jioni." Niliandika, nikatuma. Baba naye akasogeza kiti, akaniamuru niandike yake, akaanza kuisema neno kwa neno, na nukta zake zote, kama yuko mbele ya darasa.

Miezi michache baadaye mwalimu mmoja kutoka Kwale alikuja kumwona Baba. Shule yao ilikuwa imepewa kompyuta, na hawakujua wanunue modemu gani. Baba aliniita kutoka jikoni. "Mwulize huyu," alimwambia mgeni. "Ni mtaalamu wa laini. Ya hapa aliichagua peke yake, na waya akautengeneza yeye."

Nilipanda Kwale nikasikiliza simu yao. Waya ulikuwa mpya, umevutwa mwaka uleule, na sauti ilikuwa safi kabisa. Kompyuta yao pia ilikuwa na nguvu. Nikawaambia wanunue ile kadi ya kasi. Mwalimu alishangaa, maana nyumbani kwetu alikuwa ameiona ya polepole, akaniuliza kwa nini. Nilikaa naye ofisini kwake nikamweleza yote, na yeye, mwalimu, akawa anaandika.