Pua ya Kizibo

Kwa miaka ishirini na sita mtu aliyeitwa Kizibo alitunza mvinyo wa hoteli, na kwa miaka hiyo yote hakuwahi kusikia harufu yake hata mara moja.

Pua yake ilikufa akiwa na umri wa miaka kumi na tisa. Aliugua mafua ya wiki tatu. Mafua yakaondoka, yakaondoka na harufu zote za dunia: sabuni, moshi, mvua ya kwanza kwenye vumbi. Ulimi ukabakiwa na kazi za kibarua tu: hii chumvi, hii sukari, huu uchachu. Aliingoja pua irudi kama mtu anavyomngoja ndugu aliyetoka mara moja kwenda dukani, kisha akaacha kungoja. Hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kizibo alificha pua, na watoto wanne akapata.

Ufunguo wa stoo ya mvinyo ulimfikia kwa bahati. Siku ile mtunzaji wa zamani alipoacha kazi, meneja wa wakati huo aliwauliza wahudumu nani anaujua mvinyo. Wote wakatazama viatu vyao. Kizibo, kijana wa miaka ishirini na saba, alikuwa anatazama nzi kwenye dari, na mtu aliyeinua kichwa huonekana kama mtu mwenye jibu.

Akajifunza maneno. Wageni ndio waliomfundisha bila kujua. Mmoja akisema mvinyo huu una mwili, Kizibo analihifadhi neno, kesho analipeleka meza nyingine. Mwingine akisema huu unataka kupumua kidogo, jioni yake Kizibo anausimamia mvinyo ukipumua kama muuguzi wa zamu. Alisoma lebo kwa jicho moja, lile la pili amelifumba kwa tafakuri, kisha akanong'ona: "Huu wa bondeni. Umetulia." Fundi mmoja wa mabati aliwahi kutokwa machozi. Tunaambiwa nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini Kizibo aliivaa yake kwa heshima kubwa hivi kwamba hakuna aliyethubutu kumtazama kwa nyuma.

Na aliipenda stoo ile. Unashuka ngazi kumi na nne, unafungua mlango mzito, na ubaridi unakupokea usoni kama kiganja cha mtu asiye na haraka. Rafu tatu za mvinyo mwekundu: wa mlimani, wa bondeni, wa ziwani. Mvinyo mweupe ulikaa nyuma ya mlango kama mgeni ambaye hakualikwa. Humo ndani chupa zililala kimya, hazimuulizi mtu chochote, na Kizibo alizigeuza moja moja, akazifuta vumbi, akajiona ni mtu kamili. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yake ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na sita na ngazi kumi na nne.

Iliishia kwa meneja mpya, mama mwembamba mwenye faili. Aliyemtia maneno masikioni ni mhudumu wa baa, mdogo wake mke wa Kizibo, ambaye hoteli nzima ilimwita Shemeji kwa sababu hivyo ndivyo Kizibo alivyomwita. Shemeji alimweleza meneja, kwa upole wa mtu anayetega panya, kwamba mvinyo si maneno. Meneja akafungua faili. Mahali fulani alikuwa amesoma kwamba wajuzi huonja kwa upofu. Basi Ijumaa saa tisa alasiri, chakula cha mchana kikishaondolewa, Kizibo na Shemeji wataonja glasi tano za mvinyo mwekundu wa mikoa mitatu, na atakayepatia zaidi ndiye atakayeshika ufunguo. Mpishi mkuu aliuliza kama upofu huo si wa kuficha chupa tu. Meneja akamjibu kwamba chupa hazina macho. Wafungwe waonjaji.

Kwa Kizibo maana yake ilikuwa moja. Akikosa, anarudi kubeba sahani kwa magoti ya miaka hamsini na mitatu, na stoo inakuwa ya Shemeji, ambaye hupiga miluzi humo ndani na kuzishika chupa shingoni kama kuku wa kuchinjwa.

Alimweleza mkewe habari za shindano, si habari za pua. Mke huyu ndiye aliyekuwa dobi wa hoteli, na watu walimwita hivyo hivyo, Dobi. Alikuwa anapiga pasi. Akauliza swali moja tu, vitambaa vyeusi vya kuwafunga macho nani atavileta. Kizibo akasema vitatoka chumba cha kufulia. "Basi nitavileta mwenyewe," akasema, akageuza shati.

Hapa yafaa kueleza kwamba Dobi hakuwahi kunywa mvinyo maishani mwake, ila aliujua kuliko wanywaji wote, maana aliujua kwa upande wa chini: kwa madoa. Doa la mvinyo wa bondeni ni la zambarau kama jeraha la juzi, na halitoki mpaka ulimiminie maji ya moto kutoka juu. La mlimani ni jepesi, linataka chumvi na maziwa. La ziwani lina ukingo wa kutu, nalo dawa yake ni limau na jua. Kila jioni alimgombeza mumewe kwa mikono ya shati lake, doa kwa doa, dawa kwa dawa, na mumewe alisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza redio ya jirani.

Ijumaa ikafika, na mvinyo ukatolewa jikoni katika majagi matano yanayofanana. Shemeji alitangulia kuonja, Kizibo akisubiri koridoni, akasikia kupitia mlangoni sauti za mtu anayesukutua kama anatoka kwa daktari wa meno. Kisha akaingizwa yeye, akafungwa macho. Mikono iliyomfunga aliijua. Ilikaza fundo, ikampigapiga begani, ikaondoka.

Glasi ya kwanza aliishika akitetemeka kweli, na nusu yake ikamwagika kwenye shati na kitambaa cha meza.

"Ndiyo hayo, baba watoto," sauti ya Dobi ikasema kutoka pembeni. "Sufuria zima la maji ya moto, na nipande juu ya kiti kulimimina."

Meneja akamwomba mama dobi anyamaze. Kizibo alisimama gizani, akalisikia neno lile kwa mara ya kwanza tangu waoane. Sufuria. Kiti. Akanywa kidogo, akazungusha mdomoni kwa muda wa heshima.

"Bondeni," akasema.

Glasi ya pili ilimwagika kwa makusudi. Dobi alilalamika kwamba chumvi na maziwa, kila siku chumvi na maziwa, anafua au anamlea mtoto. Mlimani, akasema Kizibo. Kwenye glasi ya tatu Dobi akayaulizia malimau, yamekwisha yote au yamebaki. Ziwani. Kwenye glasi ya nne alivuta pumzi tu, akasema, "Sufuria," na Kizibo akarudia bondeni kwa sauti ya mtu aliyezaliwa huko. Meneja alitaka kujua kama mzee ana ugonjwa wa mikono. Dobi akamhakikishia kwamba ni wa siku nyingi, hata siku ya arusi alimwagia soda gauni lake, na ile soda ilikuwa ya chungwa.

Glasi ya tano ikamwagika.

Kimya.

Kizibo akamwaga tena kidogo. Meneja akamkumbusha kwamba glasi inakwisha. Akakohoa, kikohozi chenye alama ya kuuliza. Akasikia nyayo za mkewe zikisogea mezani, kitambaa kikivutwa, kisha sauti ya chini sana:

"Hili silijui."

Hapo Kizibo akabaki peke yake, na kinywa chake, na funda moja. Akalinywa. Pua haikusema kitu, kama ilivyo desturi yake. Ulimi ukasema sukari. Basi akangoja ile hali nyingine, ambayo kwa miaka yote hakuwahi kuitia maanani kwa sababu hakuna mgeni aliyemwazima neno lake: namna mvinyo mwekundu, uwe wa mlimani au wa wapi, unavyokukaza fizi kama ndizi mbichi. Akangoja. Fizi zilikaa zimestarehe.

"Mama meneja," akasema polepole, "hiki si mvinyo."

Faili likafunguliwa. Meneja akasema imeandikwa mlimani. Shemeji akacheka, akawakumbusha wote kwamba yeye alisema mlimani, tena wa mwaka wa mvua nyingi, wenye harufu ya msitu. Dobi hakubishana na mtu. Alichovya ncha ya kitambaa kwenye maji ya kunywa, akasugua mara mbili, akakiinua juu. Doa lilikuwa limebaki kivuli cha waridi.

"Mvinyo gani huo," akauliza, "unaotoka kwa maji baridi?"

Mpishi mkuu alikuwa ameshafika mlango wa jikoni. Alirudi na jagi jingine, pacha wa yale ya mezani, amelikumbatia kama mtoto aliyepotea. Ikabainika kwamba lililoonjwa lilikuwa maji ya bitiruti, na kwamba mvinyo wa mlimani ulikwenda kwenye saladi ya mchana. Meza ya sita waliomba waongezewe. Msitu wa Shemeji ukafyekwa pale pale, akakumbuka ghafla kuna glasi za kufuta baa.

Meneja alimtazama Kizibo, akamtazama Dobi, akamtazama Kizibo.

"Mzee, umepatia zote tano," akasema. "Ila nina swali. Nani alikuwa anaonja?"

Kizibo akafungua kitambaa machoni. Mwanga ulikuwa mwingi, na shati lake lilikuwa ramani ya mikoa yote mitatu. Aliona hakuna tena pa kujifichia.

"Pua yangu ilikufa, mama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa."

"Kumi na tisa?" Dobi akasema, akikunja kitambaa cha meza. "Mimi nilidhani ni karibu na arusi. Wiki ya pili niliunguza maziwa, ukanywa, ukasema matamu. Nikasema huyu ama ananipenda mno, ama hana pua. Nikaunguza mara ya pili kuhakikisha."

Meneja alifikiri kwa muda mrefu kuliko faili lilivyohitaji, kisha akauweka ufunguo kwenye kiganja cha Dobi. Akasema kila chombo kiwe na mwenyewe: mama ashike stoo, mzee ashike maneno. Ufunguo sasa unakaa kwenye kamba shingoni mwa Dobi pamoja na vibanio viwili vya nguo. Ukutani kwenye stoo, juu ya ngazi ya mwisho, kimepigwa misumari kitambaa cha meza chenye madoa manne na kivuli. Kizibo bado hushuka kila asubuhi kuzigeuza chupa, ila hubisha hodi. Wageni wakimuuliza, siku hizi huanza na neno lake mwenyewe, kwamba huu unakaza fizi, na wapo walioanza kulitumia.

Jumamosi asubuhi, siku moja baada ya shindano, Dobi alimwekea kikombe mezani, akasimama mikono kiunoni.

"Maziwa yakoje?"

Kizibo alikunywa. Alitazama kikombe, akatazama sufuria jikoni, kisha uso wa mkewe, ambao haukumsaidia hata kidogo.

"Yana mwili," akasema, akamaliza yote.