Safari ya Nzi Kwenda Salale

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya samaki ambaye sijamwona mpaka leo. Ni samaki wa nchi za baridi. Huzaliwa mtoni kwenye maji matamu, akikua hushuka baharini kutafuta unene, kisha hurudi mtoni kwao kutaga mayai. Habari zake nilizipata kwa Bwana Anders, fundi wa pampu za maji aliyekuwa mteja wangu wa mashati ya mitumba. Alisema mashati ya kwao yanapatikana Dar kwa bei nafuu kuliko huko kwao.

Nilimsikiliza kwa makini, maana niliona ananieleza habari zangu mwenyewe. Mimi ni mzaliwa wa Salale, kwenye vijito vya Rufiji. Nilishuka Dar kusoma sekondari, nikaenda Tanga kuwa karani wa mkonge, nikaenda Mtwara kubeba korosho, nikarudi Dar kuuza mitumba. Nilikuwa nimepita miaka arobaini, na tofauti yangu na samaki yule ilikuwa kwamba sikunenepa wala sikurudi.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Juzi tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni. Mara jirani kafungua kibanda cha video, mwingine analeta magari kutoka Dubai. Mimi nikajitangaza wakala wa utalii. Ofisi yangu ilikuwa ile ile meza ya mashati.

Bwana Anders na marafiki zake walikuwa na desturi. Kila mwaka walipanga safari ya kwenda nchi ya nje, penye mto unaoingia baharini, wakatafuta mwenyeji wa kuwaongoza, wakavua samaki wao huyo. Sasa walikuwa wamechoka kutetemeka kwa baridi. Walimwomba mwenzao atafute mahali huku kwetu.

"Samaki wetu yupo kwenu?" aliniuliza.

"Hayupo. Yupo kolekole."

"Anapigana?"

"Kolekole? Yule hana adabu kabisa."

Alicheka, akaniambia mpango wake. Angekwenda kujaribu mwenyewe kwanza. Akimpata samaki mmoja tu kwa njia yao, wenzake watakuja kila mwaka, na mwenyeji wao nitakuwa mimi. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo kubwa. Ningerudi kukaa nyumbani nikiwa na kazi, badala ya kurudi na hadithi tupu kama wanavyorudi watembezi wengi.

"Njia yenu ni ipi?"

Alifungua kamusi yake, akapitisha kidole. "Sisi tunavua kwa nzi."

Basi nilimtuma dereva mmoja wa lori la Kibiti apeleke salamu kwa binamu yangu Hamisi: nakuja na mgeni anayevua kwa nzi, naomba aandae mtumbwi.

Alfajiri ya safari tulitoka Mbagala kwa Landrover ya Bwana Anders. Barabara ya kusini wakati ule ilikuwa barabara kwa jina tu. Mahali pengine ilikuwa mchanga, mahali pengine mashimo, na baada ya Mkuranga tulikwama tukasukumwa na watu waliokuwa wakienda msikitini. Mimi nilikuwa nachungulia dirishani kama mtoto. Kila mkorosho niliutambua, na miwili niliyoitambua Bwana Anders aliniambia ni miembe.

Kibiti tulifika jua likiwa kali. Tulikuwa tumepitiliza makusudi njia panda ya kwetu pale Bungu, kwa sababu nilitaka kununua sukari na mafuta ya taa kwenye duka la Mhindi mmoja mzee, ambaye familia yake imeuza vitu hapo tangu babu zangu wakivaa kaniki. Alinipimia sukari, akamtazama mgeni wangu, kisha akaniinamia.

"Wewe ndiye wa nzi?"

"Ndiye mimi."

"Pole sana, ndugu yangu," alisema, akaniongezea kiberiti bure.

Sikuelewa. Nilidhani ananipa pole ya barabara.

Tulilala hapo Kibiti, na asubuhi tukarudi Bungu, tukanywa chai kwa mihogo ya kuchoma, tukakata njia ya Nyamisati. Hapo gari hufika mwisho. Hamisi alikuwa anatungoja na mtumbwi, kofia yake nyeupe imelala upande kama kawaida. Hamisi ni mtoto wa Shangazi Pili, na kwa kuwa ni binamu yangu hana haja ya kunionea haya.

"Sefu! Bado uko hai? Sisi tulishakula ubwabwa wa hitima yako."

"Mlipika na nazi?"

"Kidogo. Hukuwa mtu wa maana." Akamgeukia mgeni kwa heshima zote. "Karibu bwana. Kila kitu tayari. Mama hajalala vizuri kwa ajili ya mbu, lakini kila kitu tayari."

Nikauliza kwa nini mbu. Hamisi akasema nitaona.

Salale tuliingia maji yakijaa, mikoko imesimama pande zote mbili na mizizi yake nje. Shangazi alikuwa mlangoni. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanishika mashavu akalalamika kwamba nimekonda, kisha akamgeukia mgeni.

"Anaitwa nani baba huyu?"

"Anders, Shangazi."

"Andazi? Jina tamu. Karibu, Bwana Andazi. Njoo uone kwanza kazi yako, utakula baadaye."

Alituongoza nyuma ya jiko. Pale, kati ya miti miwili ya mikoko iliyochimbiwa chini, alikuwa ametundika chandarua chake cha kulalia, pindo lake limekandamizwa kwa mawe. Ndani yake mliwekwa ungo wa matumbo ya samaki. Na chandarua kile kilikuwa kinavuma. Sijapata kuona nzi wengi namna ile wakiishi kwa raha namna ile.

"Dereva alisema tuandae mtumbwi na nzi," alisema Shangazi. "Wadogo nimewafukuza. Hawa ni wakubwa watupu, na wamekula wameshiba."

Nilitamani mto uje unichukue. Bwana Anders alisimama muda mrefu, akiwatazama wale nzi kwa heshima. Halafu akatoa mfukoni kisanduku chake, akakifungua. Ndani mlikuwa na ndoana zilizofungwa manyoya na nywele za rangi rangi, moja moja kama pipi.

Shangazi akainama. "Hawa wamekufa!"

"Si nzi wa kweli, Shangazi," nikasema. "Ni manyoya ya jogoo. Samaki akiona anadhani mdudu."

"Manyoya ya jogoo." Aligeuka kutazama uani. "Nina majogoo wanne hapa uani, Sefu. Wanne. Mimi naumwa na mbu kwa sababu nzi wamelala kwenye chandarua changu, na majogoo wanne wananitazama."

Hamisi alikwisha kukaa chini kwa kicheko. Bwana Anders, alipoelewa, alicheka mpaka akashika mti. Shangazi alimtazama, akajizuia, akashindwa naye akacheka. Nikapumua.

Kesho yake asubuhi tulianza kazi. Hamisi alipakia chandarua mbele ya mtumbwi ili awafungulie nzi mbali na nyumba. Aliwafungulia kwenye mikoko, lakini walikuwa wameshazoea matunzo, na nusu yao walitufuata. Bwana Anders alisimama na ufito wake mrefu, akaanza kuurusha mshipi mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama mtu anayeaga meli. Uzi uliimba hewani vizuri sana. Mara ya tatu ulinasa kofia ya Hamisi, ukaipeleka majini.

"Sefu!" alipiga kelele Hamisi, kichwa wazi. "Mwambie Mndengereko kama mimi hahesabiwi kuwa samaki!"

Hamisi alitupeleka penye kina alipopaamini. Hapakuwa na kitu. Mimi nikawapeleka kwenye kijito nilichokikumbuka tangu utoto. Kijito kilikuwa hakipo. Mto ulikuwa umekifukia bila kuniuliza. Tukiwa tunabishana nani kakosea, maji yalikupwa, mtumbwi ukakaa juu ya tope. Hatukuwa na la kufanya ila kungoja. Nilimtazama Bwana Anders akipangusa jasho, nikaanza kuyaona yale mashati ya mitumba yananingoja mezani.

Maji yalipoanza kurudi, yeye alikuwa akirusha mshipi kwa kuchoka tu. Ghafla uzi ulikaza. Kigurudumu cha uzi kililia. Ufito ulipinda kama upinde, na maji yakapasuka upande wa pili wa mtumbwi.

"Kolekole!" alisema Hamisi. "Kolekole mzima mzima! Mshike, Andazi! Usimpe nafasi!"

Walipigana muda mrefu. Mwishowe Bwana Anders akapiga magoti, akamwinua kwa mikono miwili, samaki mpana kama sinia, anang'aa. Akamtazama, akasema maneno kwa lugha yao, akamchomoa ndoana taratibu, akamrudisha majini.

Hamisi alidhani ameteleza. Alijirusha kutoka mtumbwini, akazama topeni mpaka kiunoni, akapapasa maji kila upande. Alipogeuka na kumwona mgeni anapunga mkono wa kwaheri kwa samaki, alirudi mtumbwini akaanza kukamua shati lake.

Bwana Anders yeye alikuwa na furaha isiyo kifani. "Sefu," aliniambia, "wenzangu watakuja. Nitawaambia hapa ndipo."

Alasiri tulirudi. Uani majirani walikuwa wamekaa mkekani, nazi imekwisha kukunwa, wali unafuka mvuke.

"Samaki yuko wapi?" aliuliza Shangazi.

"Amerudi kwao," alijibu Hamisi.

"Kwa ruhusa ya nani?"

Watu wote walimtazama mgeni. Tulikula wali mtupu kwa chumvi, na Shangazi alimpakulia Bwana Anders sahani kubwa kuliko zote. Kwa anayemjua, hiyo ilikuwa ghadhabu. Baadaye, kabla ya magharibi, aliniita jikoni.

"Hao wenzake wasije."

"Shangazi, hiyo ndiyo kazi yangu. Ndiyo itakayonirudisha hapa."

"Nakutaka urudi kuliko unavyojitaka mwenyewe. Lakini nimeita watu. Samaki wa kwanza wa mtumbwi ni wa chungu, hata babu yako hakumuuza wa kwanza. Wa pili mwachie, wa tatu mbusu ukitaka. Yeye kashika kitoweo cha watu, kakitazama, kakitupa. Ni kama mtu aliyekaribishwa akaonja, akatema."

Nilimtafsiria kwa Kiingereza Bwana Anders, aliyekuwa amekaa kizingitini akisafisha mshipi wake. Aliinua kichwa.

"Sisi tumekubaliana kutowaua," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Mto wa kwetu ulikwisha samaki. Babu zetu walikula kila aliyerudi."

"Mpe pole," alisema Shangazi. "Lakini si sisi tuliowala."

Mgeni aliinama tena kwenye mshipi wake.

Asubuhi ya kuondoka Bwana Anders mwenyewe alimwamsha Hamisi. Tulikuwa na maji ya kujaa ya mwisho tu kabla ya safari. Alirusha, akarusha, hata nzi wa kweli wakatukinai. Jua lilipopanda alivuta samaki mwenye masharubu, mwenye utelezi, mwenye miiba ya sumu.

"Hongwe," nilisema kwa unyonge.

Bwana Anders alimtazama. Nilimwona akiwaza kiapo cha rafiki zake. "Huyu anafaa kuwa wa kwanza?"

"Sura yake haifai popote," alisema Hamisi, "lakini kwenye nazi hana ubaya."

Bwana Anders akampa Hamisi yule samaki, akageuza uso wakati kafi la mtumbwi likimshukia samaki kichwani.

Shangazi alimpokea kwa mikono miwili. "Jana kolekole, leo hongwe. Haya, alhamdulillahi." Akampika na bizari na ukwaju. Bwana Anders alikula mpaka akalamba vidole, akaomba mchuzi tena. Majirani walimsogezea mkeka.

Wakati wa kuagana alimuuliza Shangazi, "Wenzangu wakija, walete nini?"

"Walete njaa," alisema.

Njiani kurudi, kwenye vumbi la Bungu, nilimfikiria yule dereva wa lori, niliyemlaumu moyoni kwa kupotosha salamu zangu, na nikaona kosa halikuwa lake. Nilipanga safari nzima kwa maswali ya mgeni. Alitaka kujua maji, nikamjibu maji. Alitaka samaki, nikamjibu samaki. Jikoni nilituma salamu tu, sikuuliza lolote.

Wenzake walikuja baada ya masika, nami nikawapokea nikiwa mkazi wa Salale. Siku ya kwanza, yule mrefu kuliko wote alimpata kolekole. Alimshika kwa mikono miwili, akamtazama machoni, akamwambia maneno marefu kwa lugha yao, nadhani ya kumwomba radhi. Kisha akaniuliza njia ya kwenda jikoni.