Walivyomsafishia Kageha Nyumba

Kageha hakuwapenda wale samaki. Nasema hivyo mapema kwa sababu siku hizi watu wa ploti yetu ya kupanga wamemgeuza kichaa wa samaki, na mimi ninayepakana naye ukuta wa mabati hapa Kawangware naujua ukweli. Mwenye samaki alikuwa mumewe, Wepukhulu, fundi wa vioo pale barabarani. Alikusanya vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu, akaviunga kwa silikoni, akapata tangi refu lililojaza upande mmoja wa chumba. Humo akatia samaki wa dhahabu watatu. Kageha alinuna wiki nzima. Chumba ni kimoja, alisema, sasa tulale sisi ama walale wao?

Halafu Wepukhulu akaanza kuugua kifua, na kazi ikamwangukia mke. Nilimsikia akimfundisha kutoka kitandani, maana ukuta wetu haufichi kitu.

"Huyu si samaki wa kuweka kwa bakuli, Kageha. Anakunya kama ng'ombe. Anataka nafasi."

Maji ya mfereji yana dawa, kwa hiyo yakae kwanza kwenye ndoo wazi mchana na usiku. Jumamosi atoe robo tu ya maji ya tangi, si yote, ajazie hayo yaliyokaa. Chakula kiwe kidogo hata wakiomba, na wale samaki wanajua kuomba kuliko wahubiri wa stendi. Na ile sponji nyeusi iliyofungwa kwenye pampu ya hewa isiguswe na sabuni. Aisuuze kidogo ndani ya maji aliyoyatoa tangini, basi.

"Huo uchafu ndio unamaliza sumu ya mavi yao," alisema. "Ukiuosha wote, umewaua."

Kageha hufulia watu nguo huko mtaa wa Olympic. Mikono yake haijui kuacha uchafu. Kila Jumamosi aliishika ile sponji kama mtu aliyeshikishwa panya, akaisuuza juu juu, akairudisha. Alifanya hivyo kwa sababu mumewe alikuwa akimtazama, na kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyomfanya Wepukhulu ainue kichwa kutoka kwenye mto.

Watu hawakumwacha. Ploti yetu hukosa maji, na siku za kukosa maji ulimi huwa mrefu. Sisi tunatafuta ya ugali, walisema, yeye anaogesha samaki. Na kwa kuwa hakujaliwa mtoto, wakamwita Mama Samaki. Alikuwa anacheka nao, kisha anaingia ndani na kufunga mlango. Niliwachukia kwa hilo, na sijaacha.

Wepukhulu alikufa mwanzo wa masika. Wakamsafirisha kwao Bungoma. Kageha alimwachia ufunguo Lenah, yule kiongozi wa kina mama wa ushirika wao wa maombi, awalishe samaki mara moja moja. Alimwonyesha kiasi cha chakula. Mengine hakuyasema; nani hueleza mambo ya sponji jeneza likiwa linangoja kwenye gari?

Huko Bungoma mashemeji walimuuliza mbele ya watu anabaki kwenye boma kama nani, maana hakuwazalia. Walichukua vifaa vya kazi vya ndugu yao alivyokwenda navyo, wakachukua koti lake, wakachukua hata picha ya harusi. Kageha alinipigia simu. Sauti ilikuwa kavu.

"Wacha wachukue, Mama Mutuku," alisema. "Samaki zake ziko nyumbani."

Sasa kuna desturi hapa kwetu, na ni nzuri, hata mimi nimewahi kufanyiwa: mfiwa harudi kwenye nyumba chafu. Kina mama huja kabla yake, wakafua mapazia, wakapiga deki, wakateka maji, akute chai motoni. Siku moja kabla hajarudi nilitoka sokoni jioni nikakuta mlango wa Kageha wazi, Lenah amekunja mikono ya blauzi, uso unamng'aa.

"Mama Mutuku, kuja uone! Hiyo kitu ilikuwa inanuka! Tumemwaga maji yote, tumesugua na sabuni, tumeweka fresh kutoka kwa mfereji. Na hiyo sponji, woi, ilikuwa nyeusi tititi. Kumbe ni ya blue!"

"Lenah, mmeua samaki za wenyewe!"

"Kwani uchafu ni dawa?" akaniuliza, na wenzake wakacheka.

Nilifoka, lakini ya kufoka yalikuwa yamekwisha kutendeka. Maji ya zamani yalikuwa mtaroni.

Asubuhi Kageha alifika, nao wakamwimbia mlangoni. Samaki mmoja alikuwa amelala sakafuni mwa tangi, amekufa. Wawili walikuwa juu, midomo nje, wakitafuta pumzi. Kageha aliitazama ile sponji ya buluu kwa muda mrefu. Tenda wema nenda zako, walisema wahenga; hawa walitenda wema wakasimama kungoja asante. Akawapa. Lenah alimkumbatia, akaomba sala ndefu.

Wa pili alikufa kabla ya jioni. Wa tatu Kageha alimpigania, akaweka ndoo nyumba nzima maji yatulie, akambadilishia kidogo kidogo. Mapezi yakaingia michirizi ya damu. Jumapili alikuwa ameelea ubavu.

Lenah alikuja na mandazi baada ya ibada. Alitazama tangi, akaguna.

"Pole, dada. Lakini ni samaki tu. Afadhali si mtoto."

Nilitaka kumshika blauzi nimtoe nje. Kageha alimwekea kiti, akammiminia chai.

"Mlifanya kazi nzuri, Lenah," alisema. "Sasa hakuna kitu ya Wepukhulu imebaki hii nyumba."

"Amina," Lenah akaitika, akachukua andazi.