Kamera ya Kutazama Mlima

Mdogo wangu alikuwa Marekani, mimi nilikuwa Kibosho, na kwa muda fulani yeye ndiye aliyeuona Mlima Kilimanjaro mara nyingi kuliko mimi. Jambo hilo lilinikera. Huku kwetu migomba na ukungu huuficha mlima hadi mtu anasahau kama upo. Yeye alikuwa anafika kazini, anawasha kompyuta, na kilele cha Kibo kiko mbele yake na theluji yake yote.

Pale mjini Moshi kulikuwa na ofisi moja ya kupandisha watalii mlimani, ghorofa ya tatu. Mwenye ofisi alikuwa ameweka kamera juu ya paa, ikielekea mlimani. Kila nusu saa ilipiga picha moja na kuituma kwenye mtandao kwa laini ya simu, ili wageni huko kwao waone hali ya hewa kabla ya kufunga mizigo. Haikuwa sinema. Ilikuwa picha moja iliyotulia, inakaa hapo hadi ije nyingine kuiondoa. Mdogo wangu ndiye aliyeigundua, maana tangu utotoni alikuwa mtu wa kuchokonoa vitu. Ndiye pia aliyeniandikia kwamba kamera ya kwanza ya namna hiyo iliwekwa na wataalamu wa kompyuta wa chuo kimoja Uingereza ili kulinda birika la kahawa. Walichoka kutembea hadi chumba kingine na kukuta birika tupu.

Barua pepe hiyo niliichapa kwenye duka la intaneti mjini, maana ofisi ya parokia nilikokuwa karani ilikuwa na simu tu, nikamsomea Mama jioni tukichambua maharage. Wakati huo bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na majirani walikuwa wanang'oa mibuni wapande nyanya. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la kanga.

"Kumbe inapendwa hivyo? Mpaka inawekewa mlinzi?" Kisha akasogeza ungo pembeni. "Na hicho kidude, mtu hawezi kuonekana humo?"

Nilijua anataka kuonekana na nani. Mdogo wangu alikuwa ameondoka miaka kumi na mmoja nyuma kwenda kusoma. Viza ikaisha, akabaki, na kama angetoka asingeruhusiwa kurudi tena. Mama alikuwa na ugonjwa wa moyo, miguu imevimba, na daktari alikuwa ameshaanza kuzungumza na mimi badala ya kuzungumza na yeye.

"Picha za kutuma kwa posta sizitaki," Mama alisema. "Zikifika ni za zamani. Nataka anione siku hiyohiyo, aone kwamba bado nasimama."

Mimi sikuolewa, nilibaki naye. Kila nyumba ina mmoja wa kubaki, na hakuna anayemwuliza kama alipenda. Mdogo wangu alikuwa anapiga simu sikukuu na kunipa maelekezo ya dawa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini mwenye fimbo hiyo husema sana.

Niliichapa picha ya mlima nikaichunguza kama watu wanavyochunguza mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, chenye kesi. Chini kabisa, pembeni, kilionekana kipande cha uwanja ulio wazi nyuma ya lile jengo, na kushoto nguzo ya umeme. Mtu akisimama hapo angeonekana kama punje ya mchele. Nikamwandikia mdogo wangu siku na saa: saa mbili asubuhi yetu, ambayo kwake ni usiku wa manane. Akaapa hatalala.

Ilikuwa siku chache kabla ya masika. Tulishuka na gari la kwanza, Mama amevaa kitenge cha njano cha kina mama wa kanisa na kitambaa cheupe kichwani. Mlima ulikuwa wazi wote. Nilimsimamisha mahali pake, nikamwonyesha kamera ilipo juu ya paa, halafu nikasogea nyuma ya nguzo, nje ya picha. Nilijua aliyekesha kule alikesha kumwona Mama. Sikutaka kumchafulia picha.

Saa ilipokaribia, Mama akageuka, akaipa kamera mgongo.

"Mama! Kamera iko huku! Geuka!"

"Nambariki mtoto," alijibu bila kunitazama. "Utambarikije mtu huku umeupa mlima mgongo?"

Nilipiga kelele hadi fundi viatu wa pale kando akaacha kazi anitazame. Mama hakusikia la mtu. Alimwita Ruwa, Mungu wa wazee wetu, kwa Kichagga, akatema mate kidogo kuelekea Kibo kama bibi yetu alivyokuwa akifanya, kisha akafanya ishara ya msalaba, ili pasiwe na upande wa kulalamika. Alipomaliza ndipo akageuka na kutabasamu, na saa ilikuwa imeshapita.

Tukaenda kwenye duka la intaneti. Picha ikafunguka taratibu, kutoka juu kwenda chini: anga, theluji, misitu, mabati, na mwisho punje ya njano yenye kichwa cheupe.

"Huyo ni mimi? Mbona mgongo?"

"Si nilikuambia ugeuke?"

Aliinama karibu na kioo akajitazama. "Basi, haidhuru. Mgongo wangu anaujua. Ndiko alikokulia."

Jibu la mdogo wangu lilikuwa neno moja: "Nimemwona." Mama aliniomba nimsomee mara nne, kana kwamba lilikuwa refu.

Mvua zikaanza wiki hiyohiyo, na kwa majuma sita sikushuka mjini. Mama alifariki mvua ikiwa bado inanyesha. Tulimzika kihambani kando ya Baba, matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mdogo wangu alituma kwa simu ya parokia salamu za rambirambi zilizonyooka, zenye Bwana ametoa na Bwana ametwaa, kama mtu anayemwandikia jirani. Watu walikaa matanga, wakala, wakaondoka. Nikawa mpweke; sina neno jingine la kuupamba upweke huo. Nilikuwa nimezoea kukohoa ninapoingia ndani ili Mama asishtuke, na niliendelea kukohoa.

Nilipokuja kushuka Moshi nikakuta barua yake ndefu. "Dada, usishangae kwamba sijalia. Mama yupo. Kamera imekwama tangu siku ile. Kila asubuhi nafungua, namkuta amesimama palepale na mlima mweupe. Namwamkia shikamoo, naanza kazi. Kitu kimoja tu kinaniuma. Mbona ulimwacha asimame peke yake, na miguu ile? Hukuweza hata kumshika mkono?"

Nilifungua ile picha. Ilikuwa kweli. Nje mvua inapiga mabati na mlima haujaonekana mwezi mzima. Mle ndani ni asubuhi yenye jua na Mama amesimama. Nilitakiwa kufurahi. Badala yake nilishikwa na wivu. Miguu ile niliiosha mimi kwa miaka yote hiyo. Yeye alikuwa na Mama kila asubuhi, mimi nilikuwa na kaburi linalotitia.

Nikavuka barabara, nikapanda hadi ghorofa ya tatu nikichuruzika maji, nikamwambia dada wa mapokezi, "Picha yenu ya mlima imekwama tangu kabla ya masika. Hamjaona?" Hawakuwa wameona. Alinishukuru sana, akanyanyua simu hapohapo. Niliposhuka nilisimama mlangoni muda mrefu. Ningeweza kupanda tena na kumwomba waiache. Sikupanda.

Siku mbili baadaye simu ya parokia ikalia. Alikuwa yeye.

"Dada, hayupo. Nimefungua, kuna ukungu mtupu. Mama hayupo."

Akaanza kulia, siyo kilio cha mtu mzima. Padri aliyekuwa mezani aliinuka akatoka, akafunga mlango. Nililia naye, sikio limebanwa kwenye simu. Matanga yote nilikuwa nimezungukwa na watu, ila mtu wa kumlilia Mama pamoja naye nilikuwa sijampata mpaka dakika ile.

Alipotulia akauliza, "Nani ameigusa?"

"Watu wa simu," nikasema. "Wametengeneza nyaya."

Alivuta pumzi. "Mungu awasamehe."

"Amina," nikaitikia.