Pombe Niliyopikiwa

Mama yangu hakuwahi kuisifu pombe yangu. Alinifundisha kupika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, nyumbani kwake Igogwe, na magoti yalipomshinda kusimama jikoni, kazi ikawa yangu. Kila nikimpelekea, alionja, akasema, "Bado, mwanangu." Miaka yote hiyo, bado. Mara kimea kichanga, mara nimeharakisha moto. Mwiko wake mrefu wa kukorogea aliuchomeka darini, akaniambia atanipa siku nitakapoweza. Mimi nikawa nakorogea wa kununua sokoni.

Wateja hawakuiona hiyo "bado" ya mama. Uani kwangu, Bulyaga, masufuria mawili hayakuwatosha, nikaanza kuchuja na kutia kwenye chupa. Wenye maduka wa Kiwira wakataka chupa zenye lebo na alama ya ubora, na alama hiyo hapewi mtu anayepikia uani. Nijenge kiwanda kwa kuuza nini, figo? Mtu mmoja akanielekeza Mbeya, kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo wa ndizi ambacho matangi yake hukaa matupu siku kadhaa za wiki. Unawapa namna yako ya kupika, wanakupikia, wanabandika lebo yako. Wadogo wengi hukua hivyo, aliniambia.

Nikaenda. Fundi wa pale, dada mpole mwenye daftari, akaniuliza uji wa ulezi naupoza hadi nyuzi ngapi kabla ya kutia kimea. Nikamwambia natia kidole. Kikivumilia mpaka nihesabu kumi, umepoa. Hakucheka. Aliniacha nipoze kwa kidole changu, kisha akachovya kipimajoto chake na kuandika namba. Kuanzia hapo kidole changu hakikuhitajika tena. Nilipewa kofia ya plastiki na kuonyeshwa mstari wa njano, nisimame nyuma yake. Walipopika mara ya pili hawakuniita.

Maduka yakaongezeka, mpaka Kyela. Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa nimekufa ganzi tu: napanga makreti, napokea simu, nalala.

Jumapili moja nikampelekea mama chupa. Majirani zake wawili walikuwepo, wametoka kanisani. Kwetu aliyepika huonja kwanza, mbele ya watu, ndipo wengine wanywe. Ni kuwaambia kwamba pombe hii naijua, nimeisimamia mwenyewe. Mama akamimina kwenye kikombe, akanisogezea. Ningeweza kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, kwamba hii nimepikiwa. Nikanywa.

Mama akafuata. Nilikuwa naisubiri ile "bado" yake, na nakiri kwamba siku hiyo niliitamani.

"Ndaga, mwanangu," akasema, akinishukuru kwa lugha yetu. "Leo umeweza."

Majirani wakaonja, wakatikisa vichwa kukubali. Mama akamwomba mmoja wao apande kwenye kigoda auchomoe mwiko darini. Ulikuwa mweusi kwa moshi, mpini umelika kwa mikono yake na ya mama yake. Nikapiga goti, nikaupokea kwa mikono miwili, nikashukuru. Nilikuwa nimeungoja nusu ya maisha yangu, na nilipoushika sikuhisi kitu chochote.

Uko stoo sasa, umeegemea makreti. Masufuria nimeshayauza. Kila mwezi nampelekea mama chupa, na kila mara anamimina, ananisogezea kikombe nianze mimi.