Masikio ya Namba Kumi

Nilipokuwa mtoto hapa ugenini, katika mtaa wa Schaerbeek, niliamini, kwa moyo wote, kwamba namba kumi wa timu yetu alikuwa anavua masikio yake kila Jumapili kabla ya mechi na kuyaacha nyumbani ndani ya glasi ya maji. Usicheke, rafiki yangu. Bibi yangu alikuwa anaweka meno yake ndani ya glasi, pale kando ya sinki la jikoni, na asubuhi meno yale yalikuwa yananitazama nikinywa chai. Kama meno yanavuliwa, masikio yashindwe na nini? Tena nilikuwa na ushahidi. Namba kumi alicheza na kofia ya sufu ya kijani, ameishusha mpaka shingoni, iwe mvua, iwe theluji, hata ile miezi ya joto ambapo lami ya barabara inalainika kama bugali. Hakuna mtoto aliyewahi kuyaona masikio yake uwanjani. Mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza wenzangu mahali yalipo.

Aliyeniambia habari hiyo ni mtu mzima kabisa, rais wa mashabiki wetu. Kila mtu alimwita Président, na sauti yake ilikuwa inafika mtaa wa Etterbeek bila kupanda basi. Siku moja nilimuuliza kwa nini anamtukana namba kumi wa timu yake mwenyewe, na kama yule mtu hatakasirika. Akaniinamia, ngoma yake tumboni, akasema, "Usiogope, mutoto. Masikio ameacha ku nyumba, ndani ya glasi. Hata umutukane namna gani, haisikii." Kisha akainuka akaendelea kumtukana.

Jambo hilo limenirudia Jumamosi iliyopita, katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Ixelles, na tangu siku hiyo nina hasira ambayo haijapoa hata kwa maji ya baridi. Lakini acha kwanza nikupeleke uwanjani, maana bila uwanja hutaelewa hasira.

Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya reli. Nyasi hakuna. Ilikuwa changarawe nyekundu iliyosagwa, na ukianguka pale unaacha goti; mimi peke yangu nina magoti kama saba yaliyozikwa kwenye kona ya kushoto. Wazazi wetu, watu wa Kivu na watu wa Katanga, walikuwa wamekuja na mifuko miwili mitatu na makaratasi ya ukimbizi, na siku sita za wiki kila mmoja alikuwa anafagia, anabeba, anaosha wazee wa watu. Ya saba ilikuwa ya kanisa na mpira. Kina mama walikuja na masufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yamefungwa kwa taulo ili yasipoe ndani ya tramu, na ndoo za mandazi zenye sukari iliyokuwa inakwama midomoni pamoja na baridi. Chai ya tangawizi ilitoka kwenye chupa huku inatoa moshi kama treni.

Jezi zilioshwa kwa zamu, kila juma familia moja. Zamu yetu ikifika, bibi alikuwa anazitupa zote ndani ya bafu la kuogea, anapandisha kitenge, anaingia mwenyewe na kuzikanyaga kwa miguu huku anaimba nyimbo za kanisa. Maji yalikuwa mekundu kama mawese. Jirani wa chini, mama wa Kituruki, aligonga dari kwa mpini wa ufagio, na bibi alikuwa anadhani anamsaidia kupiga mdundo. Halafu jezi zilianikwa kwenye korido, tukawa tunakwenda kulala chini ya mvua. Jezi ya namba kumi peke yake ilioshwa kwa mkono, kwenye sinki, karibu na ile glasi ya meno. "Huyu mutoto," bibi alikuwa anasema, na huyo mtoto alikuwa baba mzima mwenye ndevu, "iko na muguu ya kushona."

Bibi alikuwa anajua. Siku za kazi yule mtu alibeba masanduku ya mboga sokoni. Lakini Jumapili, mpira ukimfikia mguu wa kushoto, hata treni ilikuwa inapunguza mwendo. Alitoa pasi inapita kati ya watu wanne kama uzi kwenye tundu la sindano, na mshambuliaji wetu, aliyekuwa mnene na mvivu, alihitaji tu kusimama mpira umgonge. Nimeona pasi ambayo ingeondoka Schaerbeek, ikavuka taa nyekundu tatu, na ungeipokea Etterbeek mikono mfukoni. Naongeza chumvi, ndiyo. Kidogo.

Kasoro zake pia nitazisema. Hakupiga mpira wa kichwa hata siku moja. Mpira ukija juu, aliinama kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Hakurudi nyuma kukaba. Na hakuongea, wenzake waligombana na mwamuzi, yeye alitazama viatu vyake. Kwa hiyo mashabiki wakawa wanaongea kwa niaba yake.

"Kofia ndiyo inacheza, wewe unaisindikiza tu!" Hiyo ilikuwa ya kila Jumapili, na ngoma ilikuwa inaijibu. Nyingine sitaziandika. Moja lazima niiandike. Tulicheza na timu ya Etterbeek, sare, dakika za mwisho, ikapigwa krosi, goli liko wazi, na namba kumi akainama. Mpira ukapita juu ya kofia ukaenda zake relini. Wao wakauchukua, wakatufunga. Ngoma ikanyamaza, na katika ule ukimya Président akapaza sauti: "Huyu haangaliake nyuma. Hata mama yake muzazi, yee alimuacha kule ku vita, akakimbia."

Kina mama waliokuwa wanafunga masufuria walisimamisha mikono. Bibi alitema mate chini, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Namba kumi akatoka uwanjani, mkewe akamfuata. Mke wake huyo alikuwa anasimama siku zote peke yake kwenye uzio, na mfuko wa machungwa. Mechi ikiisha, sisi wote tulikuwa tunaingia kwenye tramu moja kwa makelele, wao wawili wanarudi kwa miguu. Kutoka dirishani niliwaona wakitembea polepole, yeye anaongea na kuongea, yule mtu asiyeongea, na mkewe anatikisa kichwa. Nilijieleza mwenyewe: anatembea kwa sababu hana masikio, anaogopa hatasikia kengele ya tramu, na anamhadithia mkewe pasi zake.

Msimu uliofuata hakurudi.

Sasa Jumamosi. Namba kumi amefariki majira haya ya baridi. Mkewe akaomba jambo moja tu kwa wazee wa timu: kombe la mashindano yetu ya kiangazi, ambalo mpaka leo halina jina, liitwe kwa jina la mumewe. Wazee wakaita kikao katika mkahawa wa Ixelles, meza zikaunganishwa, zikaja sombe na makayabu, samaki wa chumvi. Mimi waliniita kwa sababu nina cheti cha shule ya jioni, na kwetu mwenye cheti anaandika maazimio. Mama, yule mjane, alikaa karibu na dirisha. Koti hakuvua.

Nilidhani itachukua muda wa kumeza matonge mawili. Ilichukua mchana mzima.

Kipa wetu wa zamani, mtu wa Lubumbashi ambaye sasa anatunza wazee wa kizungu, ndiye aliyeanza. "Muntu kama ule hatutapata tena. Mimi nilikuwa naona mugongo yake mechi yote, donc najua."

"Uliona mugongo sababu hakuwa anarudi nyuma," Président akasema, na meza ikacheka.

"Na wewe uliona nini? Ulikuwa unapiga ngoma, mechi umeigeuzia matako."

"Bon. Tuseme kweli." Président ameota mvi, ana fimbo, lakini sauti iko palepale. "Muguu wa kushoto, sawa, nakubali. Mungu alimupa. Lakini kombe ni ya wapiganaji. Siku ya Etterbeek, krosi inakuja nzuri kama sahani ya mezani, goli wazi kama mulango ya kanisa. Yee anainama. Alors, tuandike jina ya mutu mwenye kuinama juu ya kombe? Watoto watauliza, huyu alifanya nini? Tuwaambie, aliinama?"

"Na magoli yenye ulikuwa unaimba mwaka mzima, pasi alikuwa anatoa nani?"

"Kofia," Président akasema. "Yee alikuwa anasindikiza tu."

Wakacheka tena, wazee wazima, mafuta ya sombe yanawashuka kidevuni. Mama akatazama sahani yake, ambayo ilikuwa bado nyeupe.

Rafiki yangu, mimi ni mtu wa kucheka, wanaonijua wanakuambia. Lakini nilikasirika mpaka maji kwenye glasi yangu yakaanza kuchemka. Watu ambao magoti yao hayawezi kupanda ngazi za metro walikuwa wanamfundisha marehemu kuruka. Walimpima kama wanavyopima nyama buchani: mguu huu mzuri, kichwa kibaya, mgongo haukurudi, mbele ya mwanamke aliyemzika. Yule mtu aliwapa Jumapili zao. Kwa siku sita mzungu alimwita kila mmoja wao "wewe pale", na ya saba, kwa sababu ya mguu mmoja wa kushoto, walirudi nyumbani wamenyoosha shingo. Na deni hilo waliliita kasoro.

Nikasimama. Shule ya jioni ilinifundisha kupanga hoja, nami nilikuwa nimezipanga safi, ya kwanza mpaka ya mwisho. Lakini mdomo wangu unajua njia yake. Nikamgeukia Président nikasema, "Papa, unakumbuka ulichoniambia nikiwa mtoto? Kwamba masikio yake yako kwenye glasi?" Nilitaka aone haya. Nikaeleza yote: meno ya bibi, kofia, kengele ya tramu. Unanijua, nikianza kusimulia siwezi kusimulia vibaya. Meza nzima ikalia kwa kicheko. Kipa akapiga meza kwa kiganja, hata mwenye mkahawa akatoka jikoni kusikiliza. Hakuna mtu aliyeona haya.

Président alifuta machozi kwa kitambaa cha karatasi. Uso wake ulikuwa umelainika, akawa ghafla mzee mwema. "Munaona? Ilikuwa mchezo. Makelele yote ile, ngoma, treni, na kofia juu ya masikio, alikuwa anasikia nini? Hakuna. Hakutukasirikia hata siku moja." Akageuka dirishani. "Maman, si ndiyo? Wewe sema tu, nasi tunamaliza. Kama papa hakuwa na kitu na sisi ndani ya roho, mimi wa kwanza naweka mukono. Kombe iwe na jina yake, leo hii."

Kipa akainua mkono. Na wengine wakainua, mmoja baada ya mwingine, kwa furaha, kama watu waliosamehewa kabla ya kuungama. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Alichokuwa anadaiwa mama ni neno moja dogo, ndiyo, na jina la mumewe lingeng'aa kila kiangazi.

Asubuhi ile nilikuwa nimepita nyuma ya reli. Changarawe haipo, yamesimama magorofa yenye vibaraza, baiskeli zimening'inia na maua ya vyungu. Magoti yangu yote yako chini ya gereji. Mama wa Kituruki alishahama zamani, na korido yetu inakaa watu wengine ambao hawajui kwamba iliwahi kunyesha mle ndani. Bibi hayupo. Glasi yake ninayo, naweka kalamu. Siku zote nikisema utoto wangu ulikuwa mtamu, nilikuwa namaanisha Jumapili zile, mandazi, ngoma, sauti zetu zikipanda pamoja hata treni isisikike. Nilikuwa na fahari na sauti zile. Nilipoitazama mikono iliyoinuliwa juu ya makayabu, nilielewa kwamba hawa watu wamekuja kuchukua kwa mjane kitu cha mwisho ambacho bado kilikuwa kinawapungukia, msamaha, na mimi, kwa hadithi yangu, ndiye niliyewafungulia mlango.

Mama alifunga kifungo cha juu cha koti. Akaongea taratibu, na kwa adabu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kituo cha basi.

"Kombe mubakie nayo, papa Président. Kofia nilimufumia mimi, nikasema labda itapunguza makelele yenu. Haikupunguza. Tulikuwa tunarudi kwa miguu sababu hakutaka kupanda tramu moja na ninyi, na njiani alikuwa ananirudilia maneno yenu, moja moja, mpaka mulangoni. Ile ya mama yake aliirudilia mpaka hospitali."

Akachukua mkoba wake. Akanitazama mimi, si kwa ubaya.

"Masikio alikuwa nayo, mutoto wangu. Alikuwa anasikia."