Kompyuta ya Kumsomea Mama

Mama alifundisha Kiswahili shule za msingi miaka mingi. Presha ya macho ilipolimaliza jicho lake la pili, alikuwa amestaafu, anaishi mtaa wa Dallas mjini Embu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba barua zake sasa aliandikiwa na majirani, na kila alichotaka kusema kilipita kwanza masikioni mwao. Mimi nilikuwa nikitengeneza kompyuta Makutano, Meru. Nikamwambia kuna mfumo wa bure unaoitwa Linux, wenye programu ya kukusomea kwa sauti unachoandika. Nilisema haraka kuliko nilivyopaswa.

Kompyuta niliyoweza kumpatia ilikuwa kuukuu, memori yake megabaiti thelathini na mbili tu. Nilianza kazi Jumamosi asubuhi mezani kwake. Nilipoweka CD ya kwanza, skrini ikaandika kwamba memori haitoshi. Nikajaribu njia ya maandishi matupu, isiyo na picha. Nikatenga sehemu ya diski isaidie memori. Ikaenda kidogo, ikaganda, nikaanza upya. Mama alikaa kando yangu, mikono mapajani, akiuliza mara moja moja imefika wapi. Nilimjibu kwamba imekaribia, ilhali sikujua.

Jumapili aliporudi kutoka kanisani, ilikuwa imekubali. Nikamwekea vidole kwenye kibodi, maana kupiga taipu alikujua. Akaandika "Nawasalimu". Kimya. Diski ilikwaruza tu. Akadhani hakubonyeza vizuri, akaandika tena. Baada ya muda sauti ikatoka, ya Kizungu, ikilivunjavunja neno lile, herufi zikijirudia, yeye akiwa ameshaondoa vidole.

Aliniuliza kwa Kiembu, lugha aliyoirudia akichoka, "Ni mimi nisiyejua kuitumia?"

"Si wewe, Mama. Ni memori."

Akataka kujua kama haiongezwi. Nikaahidi kutafuta. Kule Makutano nilizunguka duka kwa duka, lakini memori zote zilikuwa za aina mpya, hazikuingia kwenye nafasi za kompyuta ile.

Niliporudi Embu baada ya wiki mbili, nilikuta ameshaichomoa nyaya mwenyewe kwa kupapasa, amezikunja vizuri.

"Irudishe," akasema. "Huenda ikamfaa mtu mwenye macho."

Niliibeba hadi Meru, nikaiweka dukani nilikofanyia kazi. Ilikaa pale mwaka mzima, na hakuna aliyeiulizia.